Maswali ya Wasomaji: Amplifaya mbili sebuleni, ipi ibaki?

SWALI: Muuzaji ameniruhusu kukaa na amplifaya mbili za hali ya juu nyumbani kwa siku saba kabla sijaamua. Zote ni za transista. Siku tatu sasa nazisikiliza kwa zamu. Moja ina besi nene, waimbaji wanasogea mbele, muziki una uhai. Nyingine imepoa. Je, niirudishe hii iliyopoa mapema?

JIBU: Usirudishe kitu bado. Hujatuambia ulivyozilinganisha kwa ukubwa wa sauti, nasi tunashuku hukuzilinganisha. Sikio lina upendeleo wake: amplifaya iliyofunguliwa zaidi kidogo haisikiki kama yenye sauti kubwa, husikika kama nzuri. Pengo la nusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) wengi hawalitambui kuwa ni pengo la ukubwa. Wanaliita "uhai" au "uwazi". Tena sikio huzisikia besi vizuri zaidi kadiri sauti inavyopanda, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilipima na kulichapisha mwaka 1933. Kwa hiyo sifa zote tatu ulizoandika zinaweza kutoka kwenye kitufe cha sauti, si kwenye amplifaya.

Alama za kitufe hicho usizitegemee. Kitufe kikielekezwa saa nne kwenye amplifaya moja si sawa na saa nne kwenye nyingine, kwa sababu kila moja hukuza mawimbi kwa kiasi chake. Sikio lako nalo usilitegemee kusawazisha. Hata mzoefu hukosea kwa desibeli nzima. Kinachotakiwa ni multimita ya dijiti inayoonyesha volti za AC (umeme unaogeukageuka) hadi sehemu ya mia, pamoja na faili la toni moja isiyobadilika ya hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde).

Funga spika kwenye amplifaya ya kwanza, cheza toni, kisha gusisha ncha za multimita kwenye vituo vya spika, chekundu na cheusi vya chaneli moja (upande mmoja, kushoto au kulia). Panda polepole hadi usome volti 1 au 2. Ncha zisigusane hata sekunde moja. Hapo ndipo watu huunguza amplifaya za watu. Andika namba. Zima, hamishia spika kwenye amplifaya ya pili, rudia hadi upate namba ileile. Fanya hivyo kwa kushoto na kwa kulia, kwani vitufe vingi vya kuzungusha havitoi usawa kati ya chaneli vikiwa chini kabisa.

Karibu kiasi gani? Lenga desibeli 0.1, ambayo ni asilimia moja na kidogo ya volti. Ukisoma 2.00 kwa moja na 2.02 kwa nyingine, uko sawa. Ukisoma 2.05, pengo limefika desibeli 0.2, bado halifai. Ukisoma 2.24, hiyo ni desibeli nzima, na ulinganisho wote ni bure. Multimita ya bei nafuu huweza kukosea kwenye hezi 1,000, lakini hilo lisikusumbue: inakosea kwa kiasi kilekile kwa amplifaya zote mbili, na wewe unatafuta ulingano tu.

Shida huja pale ambapo amplifaya hupanda kwa hatua za nusu desibeli. Huwezi kusimama katikati ya hatua mbili. Suluhisho ni kuiacha kwenye hatua iliyo juu kidogo, kisha kupunguza kilichobaki kwenye programu ya kuchezea muziki, nyingi kati yake zina hatua za desibeli 0.1. Na angalia waya za kuingizia. Vyanzo vingi (vifaa vya kuchezea muziki) hutoa volti 2 kupitia RCA (plagi ya pini moja) na volti 4 kupitia XLR (plagi ya pini tatu), yaani desibeli 6 zaidi. Ukichomeka XLR kwenye moja na RCA kwenye nyingine baada ya kupima, umeharibu kazi yote.

Mwisho zima loudness (kitufe cha kuongeza besi sauti ikiwa chini), vidhibiti vya besi na trebo, na marekebisho yoyote ya chumba. Kuna amplifaya ambazo hutoka kiwandani zikiwa na mojawapo ya hayo imewashwa. Kisha sikiliza upya, utuandikie iwapo ile iliyopoa bado imepoa.

SWALI: Kuhamisha waya kila mara kunachosha, na nikimaliza nimeshasahau nilichosikia. Naweza kutumia kisanduku cha swichi cha kuchagua spika?

JIBU: Unaweza, lakini si kila kisanduku. Kwanza umegusa jambo la kweli: kumbukumbu ya sauti kwa undani wake hudumu sekunde chache, hivyo dakika tatu za kufungua na kufunga waya zinakuachia hisia tu. Swichi inasaidia sana.

Hatari iko hapa. Visanduku vingi vimetengenezwa kwa ajili ya amplifaya moja na spika jozi kadhaa, wewe unataka kinyume chake. Ukikigeuza, angalia ndani kama waya zote hasi zimeunganishwa pamoja. Kwenye amplifaya nyingi za transista za zamani, upande hasi ni adhi (ardhi ya umeme, volti sifuri) ya kawaida na hilo huenda lisidhuru. Lakini amplifaya nyingi za klasi D (zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa), na zile zilizofungwa kwa mtindo wa daraja, zina umeme pande zote mbili, chanya na hasi. Kuunganisha hasi yake na ya amplifaya nyingine ni kuichoma. Chomoa amplifaya ukutani, pima ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme, kwa omu) kati ya hasi ya kushoto na hasi ya kulia. Ikiwa si karibu na omu 0, ichukulie kuwa ya daraja. Hata ukisoma 0, soma kijitabu chake kwanza.

Kisanduku salama hukata waya zote nne, chanya na hasi za chaneli zote mbili, na huachia amplifaya ya kwanza kabla ya kushika ya pili. Swichi iwe ya kubeba ampea 10 au zaidi. Punguza sauti kila unapobadili, angalau hadi ujue kisanduku kinavyofanya kazi.

Upande wa kuingizia ni rahisi zaidi: waya wa RCA wa kugawa mara mbili unatosha kupeleka chanzo kimoja kwenye amplifaya mbili. Ila ziache zote mbili zimewashwa. Amplifaya iliyozimwa huku imechomekwa kwenye chanzo inaweza kuyakwaruza mawimbi yanayokwenda kwa mwenzake, nawe utamlaumu asiyehusika.

SWALI: Moja ya ninazolinganisha ni ya vali, zile taa za kioo badala ya transista. Sheria ni zilezile?

JIBU: Nyingi ndiyo, mbili hapana.

Ya kwanza ni ya usalama. Amplifaya ya vali isiwashwe bila spika kufungwa, na isikatiwe spika ikiwa inapiga. Bila mzigo, yaani bila spika, volti kwenye transfoma ya kutolea hupanda hadi kuvunja ukinga wa ndani, na transfoma hiyo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote mle. Kwa hiyo sahau kisanduku cha swichi, isipokuwa kile ambacho huikabidhi amplifaya iliyoachwa mzigo wa ukinzani wa omu 8 wenye uwezo wa wati za kutosha. Ipe amplifaya pia dakika 20 hadi 30 za kupata joto kabla ya kupima chochote, na chagua kituo cha omu 4 au 8 kulingana na spika. Jaribu vyote viwili. Hakuna kinachoharibika, na tofauti husikika.

Ya pili ndiyo inayofanya ulinganisho huu kuwa mtamu. Amplifaya ya transista huwa na ukinzani wa ndani mdogo mno, mfano omu 0.05. Ya vali inaweza kuwa na omu 2. Spika nayo haina ukinzani mmoja: iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi 4 kwenye masafa fulani na kupanda hadi 20 kwenye mengine. Piga hesabu. Kwa amplifaya ya transista, pengo la ukubwa kati ya masafa hayo mawili halifiki desibeli 0.1. Kwa ya vali linafika karibu desibeli 2.7. Hiyo ni sawa na mtu kushika kidhibiti cha besi na trebo akakizungusha.

Ndiyo maana amplifaya ya vali inayomezewa mate kwa rafiki yako huweza kuvunja moyo kwako: unasikia ndoa ya amplifaya na spika, na spika zako ni nyingine. Ndiyo maana pia kuzisawazisha kwa hezi 1,000 peke yake hakutoshi hapa. Pima pia kwenye hezi 60, 200 na 5,000, uandike tofauti. Huwezi kuziondoa, lakini utajua kwamba "ujoto" unaousikia una namba.

SWALI: Mke wangu anasema najidanganya kwa sababu naijua iliyo ghali. Mimi nasema masikio yangu ni ya kuaminika. Nani ana haki?

JIBU: Akipenda, chongo huita kengeza, na aliyelipa au anayekaribia kulipa hupenda. Hatumaanishi wewe ni mwongo; macho huingia kwenye kusikia bila kuomba ruhusa. Kwa bahati suala hili linamalizwa nyumbani, na mke wako ndiye msaidizi anayefaa.

Sawazisha sauti kama tulivyoeleza. Funika amplifaya zote mbili kwa kuweka ubao au pazia mbele yake, si kitambaa juu yake, kwani joto linahitaji njia. Chagua vipande vitatu au vinne vya sekunde 20 hadi 30: sauti ya mwimbaji peke yake, piano, ngoma yenye besi ya chini, na kitu chenye ala nyingi kwa pamoja. Sikiliza kwanza ukijua ipi ni ipi, hadi uwe na alama unayoishika. Kisha mke wako arushe sarafu kabla ya kila zamu, achague amplifaya kwa matokeo yake, aandike, na asikuonyeshe uso. Wewe unasema ipi inacheza. Mrudie mara 16.

Kwa kubahatisha tu ungepata kama 8. Kupata 12 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 4 katika mia, hivyo ukifika hapo tunakuamini. Usifanye zamu zote kwa kikao kimoja. Sikio huchoka, pumzika baada ya kila nne. Na usisimame njiani pale matokeo yanapokupendeza, hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi.

Ukipata 9, usihuzunike. Umepata kibali cha kuchagua kwa mambo mengine: joto, uzito, rimoti, vituo vya kuchomekea, huduma ya matengenezo.

SWALI: Moja ina wati 60, nyingine 150. Si hiyo ya 150 inamaliza mjadala?

JIBU: Pengo hilo ni desibeli 4 tu, tena ni kwenye kilele. Ukisikiliza kwa utulivu, zote mbili zinatoa wati moja au mbili.

Pima unachotumia. Weka sauti kwenye kiwango kikubwa kabisa unachowahi kusikilizia, kwa albamu uipendayo, kisha usiguse kitufe. Simamisha muziki, fungua waya za spika kama amplifaya ni ya transista, cheza toni ya hezi 120 iliyorekodiwa desibeli 12 chini ya kikomo cha dijiti (kiwango cha juu kabisa ambacho faili linaweza kubeba), upime volti za AC. Zidisha mara 4: hizo ndizo volti ambazo muziki ungeweza kudai. Tuseme umesoma 3.5. Mara 4 ni 14. Kipeo cha pili cha 14 ni 196, gawa kwa omu 8, upate wati kama 25. Kwa spika ya omu 4, kama 49. Wati 60 zinakutosha. Ukisoma volti 6, hadithi ni nyingine, chukua ile kubwa.

SWALI: Amplifaya ya majaribio imeshapita mikononi mwa wengi. Nitajuaje haitaunguza spika zangu?

JIBU: Kwa ya transista, iwashe bila spika na bila chanzo, iache dakika kumi, kisha pima volti za DC (umeme wa mkondo mmoja) kwenye vituo vya spika, chanya dhidi ya hasi ya chaneli hiyohiyo. Milivolti 20 au chini ni vizuri, hadi 50 inavumilika, zaidi ya 100 irudishe. Hakikisha pia volti zilizoandikwa nyuma yake ni za umeme wa nyumbani kwako, na hakuna unywele wa waya unaotoka kituo kimoja kwenda kingine. Ikinguruma, sikiliza mngurumo unatoka wapi: ukitoka kwenye boksi lenyewe ni transfoma, ukitoka kwenye spika, zima, chomoa waya zote za kuingizia, uwashe tena. Ukiisha, tatizo ni mzunguko wa adhi (umeme unaozunguka kati ya vifaa kupitia waya za adhi) kutoka kwenye chanzo au runinga. Mguu wa adhi wa plagi usiukate kamwe.