Mbona ambulensi zinasubiri nje ya handaki?
Umeuliza mbona watu wa ambulensi wanasimama nje wakati majeruhi wako ndani ya handaki linalowaka moto. Sio uoga bana. Moshi wa mle unaua kabla moto haujakufikia, kwenye handaki la barabara la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, mwaka 1999 walikufa watu 39 na wazimamoto wenyewe walinaswa ndani, moto ukawaka zaidi ya siku mbili. Sasa ukimwingiza daktari asiye na mtungi wa hewa mgongoni umeongeza mgonjwa tu. Kwa hiyo zimamoto ndo wanawatoa, na pale nje kuna mtu anawapanga chapchap, anayehema mbiombio na hawezi kutembea anafungwa kitambulisho chekundu, anayejitembeza kijani, asubiri. Ila huyo wa kijani msimsahau!! Kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kinaweza kusoma asilimia 98 safi kabisa kumbe damu imejaa kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moshi, chenyewe hakiitofautishi na oksijeni. Kichwa kinamuuma, ana masizi puani? Mpe oksijeni ya maski hapohapo, usingoje vipimo vya maabara. Alafu redio koli mle ndani mara nyingi hazishiki, ujumbe unabebwa na mtu kwa miguu.