Maombi ya asubuhi kazini: usimfute huyo kijana

Ndugu yangu, nimekuelewa. Una karakana ya mabango River Road, mnaanza siku kwa maombi, na kijana wako Mwislamu amekataa kusimama nanyi. Unauliza kama unaweza kumfuta kazi.

Usimfute. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakulinda wewe uombe na utundike aya zako ukutani. Kifungu hichohicho kinasema mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake, wala asinyimwe kazi kwa sababu ya imani hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza ubaguzi wa dini.

Mimi pia ni mwamini. Nilipokuwa na mkahawa Gikomba nilifanya maombi dakika kumi kabla ya saa za kazi, anayetaka aje. Wengi walikuja, na kwa moyo zaidi kuliko nilipowalazimisha.

Kaa naye faraghani, mwombe radhi kama ulimfokea mbele ya wenzake. Ijumaa mpangie zamu aweze kwenda msikitini. Na tafadhali, usimseme kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Maneno hayo yanaweza kuwa ushahidi.

Kama ameshakuandikia barua kupitia wakili, usijibu mwenyewe. Tafuta wakili wa masuala ya ajira kwanza.