Diski ya pili ina nini?

Swali: Anko, nina DVD kabati zima, nikitaka sini zilizokatwa au mahojiano ya dairekta inabidi nichomeke diski mojamoja kwenye deki mpaka nachoka, nifanyeje?

Jibu: Pole mdogo wangu. Fungua Excel, ila usiweke mstari mmoja kwa kila muvi, hapo ndo wengi wanachemka, weka mstari kwa kila ekstra, yaani kila kitu cha ziada kama sini iliyokatwa au mahojiano: diski namba ngapi, menyu ipi, dakika ngapi. Mfano The Fellowship of the Ring ile ndefu ya 2002 ina diski 4, muvi imegawanywa 1 na 2, ekstra kibao ziko 3 na 4, halafu komentari 4, yaani watengenezaji na waigizaji wakiongea juu ya muvi huku inacheza, utazikuta kule kwenye muvi yenyewe, unachagua sauti. Na kava usiliamini, langu moja limeandikwa "sini mpya" kumbe trela mbili tu!