Re: Mbona panga za filamu hazifanani na za Olimpiki?

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye filamu wanagonganisha panga dakika nzima, wakati Olimpiki, kwenye mchezo wa kupigana kwa upanga, mambo yanaisha mara moja. Wa filamu analenga upanga wa mwenzake, si mwili! Kila pigo wamelikariri kama ngoma, tena wanalirusha kwa upana ili kamera ilione. Hata Bob Anderson, aliyeshindania Uingereza Olimpiki ya 1952, alipokuja kufundisha waigizaji alipanga hivyo hivyo. Kwenye mchezo, upanga ukimgusa mpinzani, taa inawaka, basi. Na ule mlio wa "shiing" wa kuchomoa upanga? Ala ya ngozi, yaani mfuko wa upanga, hailii hivyo. Hapa Goma mimi na mdogo wangu tulijaribu kwa fito za mikaratusi: sekunde 3 tu, vidole vyangu vimevimba. Yeye anacheka.