Maswali ya Wasomaji: Kovu Lililohama Upande

SWALI

Assalaam alaykum, Mwalimu wa safu hii. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa katika chuo kimoja hapa Mombasa, na ninaishi na nyanya yangu Majengo. Muhula huu tumepewa kazi mbili zinazokwenda pamoja: kila mmoja wetu ajichore mara nne, yaani kwa penseli, kwa makaa, kwa rangi za maji, na kwa njia yoyote atakayoichagua mwenyewe, kisha aandike uhakiki wa kurasa mbili kwa kila picha, kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine.

Picha ya kwanza niliichora mbele ya kioo cha kabati la nyanya, nikiwa nimekaa karibu na dirisha, na ilinichukua siku tatu kwa sababu kila nilipolichora jicho nililifuta. Kufikia siku ya tatu karatasi ilikuwa imechubuka kwa kifutio hata penseli ikawa haishiki. Nilipoitundika darasani, mwenzangu wa kwanza alisema kwamba haifanani nami. Wa pili akaongeza kwamba hata kovu langu la juu ya jicho la kushoto, nililolipata utotoni kwa kuanguka ngazini, nimeliweka upande usio wake. Wa tatu akasema ni nzuri sana, na mjadala ukaishia hapo. Nilirudi nyumbani bila kujua nimefaidika na nini.

Uhakiki wangu nao ulirudishwa. Nilikuwa nimeandika kwamba picha inaonyesha huzuni ya mtoto aliyelelewa mbali na wazazi wake, na subira aliyojifunza kwa nyanya yake. Mwalimu wetu aliandika pembeni maneno mawili tu: "Iko wapi?" Nilikasirika, kwani ni nani aijuaye huzuni yangu kunishinda mimi? Lakini baada ya wiki mbili niliitoa picha ile chini ya godoro nikaitazama tena, na nilichokiona ni msichana aliyekunja uso kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Huzuni sikuiona.

Naomba unisaidie. Mtu awezaje kuihakiki picha yake mwenyewe bila kujitetea na bila kujidhalilisha? Tena, je, kujichora mara kwa mara si majivuno? Nyanya ameniuliza swali hilo, na ana wasiwasi pia juu ya kuchora sura ya binadamu na kuitundika ukutani. Na wenzangu darasani niwaambie nini ili maneno yao yanifae?

Mwanafunzi, Majengo

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Nitaanza na kovu, kwa kuwa mwenzako aliyedhani amegundua kosa aligundua jambo kubwa zaidi bila kujua.

Tarehe 23 Desemba 1888, katika mji wa Arles kusini mwa Ufaransa, mchoraji wa Kiholanzi Vincent van Gogh alijikata sikio la kushoto. Mwezi uliofuata alijichora akiwa amefungwa bendeji, na katika picha hiyo, ambayo leo imo katika jumba la sanaa la Courtauld mjini London, sikio lililofungwa linaonekana kuwa la kulia. Hakusahau ni sikio gani lililokuwa likimuuma. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, naye akachora alichoonyeshwa na kioo. Kwa hiyo kovu lako lililohama ni ushahidi kwamba ulichora kwa kutazama, wala hukuchora kwa kukumbuka. Mhakiki mzuri angeliona kovu hilo na kuuliza, "Picha hii ilichorwa kutokana na nini?", na jibu lingemfikisha kwenye kabati la nyanya yako bila ya kuambiwa. Hili linaeleza pia kwa nini wenzako wanasema haifanani. Uso wanaoujua wao na uso unaoujua wewe umegeuziana upande, na hakuna uso wa binadamu ulio sawasawa kulia na kushoto. Tumezoea kusema kwamba nyani haoni kundule. Ukweli ni kwamba hata uso wake hauoni, isipokuwa majini.

Tukae kidogo na picha hiyo ya Van Gogh, kwa sababu ina dawa ya neno "Iko wapi?" lililokuudhi. Watu wengi wanaoijua habari ya sikio hukimbilia kusema kwamba hii ni picha ya mwendawazimu. Sasa jaribu kusema yaliyomo tu. Kuna mwanamume aliyevaa koti la kijani lililofungwa, na kofia ya manyoya. Uso wake ni mkavu na ametulia. Nyuma yake, upande mmoja, kuna kiegemezo cha kuchorea chenye turubai. Upande wa pili imetundikwa picha ya Kijapani. Ukishayasema hayo kwa utaratibu, neno "wazimu" linakosa mahali pa kushika, na linakuja wazo jingine: huyu ni mchoraji aliyerudi kazini kwake, katika chumba chenye baridi, amezungukwa na vifaa vyake na vitu anavyovipenda. Unaweza kulikataa wazo hilo, lakini utalikataa kwa kuonyesha kitu kilichomo ndani ya picha, na hapo ndipo uhakiki unapoanzia.

Edmund Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani ambaye mpango wake umefundishwa vyuoni tangu miaka ya 1960, aliugawa uhakiki katika hatua nne: kueleza kinachoonekana, kuchanganua jinsi kilivyopangwa, kufasiri maana, na mwishoni kabisa kutoa hukumu. Huenda majina haya yakakutisha, ilhali kazi yenyewe umeifanya tangu sekondari, ulipofundishwa kwamba huwezi kuzungumzia maudhui ya shairi hali hujaiangalia fani yake. Mtahiniwa aliyeandika kwamba shairi linahusu dhuluma bila kunukuu hata mshororo mmoja alipata sifuri, na sote tuliona ni haki. Mwalimu wako amekutendea vivyo hivyo. Uliandika maudhui, naye akakuuliza fani iko wapi.

Tatizo la picha ya nafsi ni kwamba mchoraji anajua mengi mno. Unajua uliamka saa ngapi, ulikuwa na njaa au la, na ulimkumbuka nani ulipokuwa ukichora kidevu. Yote hayo unayaona kwenye karatasi ingawa hakuna aliyeyaweka pale. Ndiyo maana wiki mbili chini ya godoro zilikufaa kuliko siku tatu mbele ya kioo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika kazi hii inakubidi uwe mgeni katika nyumba yako mwenyewe. Ninapendekeza kwamba katika ukurasa wa kwanza wa uhakiki wako usiandike neno "mimi" hata mara moja. Andika "msichana huyu". Andika kwamba msichana huyu amewekwa katikati ya karatasi, kwamba kichwa chake kinakaribia ukingo wa juu, kwamba mwanga unatoka upande wa dirisha, na kwamba karatasi karibu na jicho lake imechubuka. Naam, hata mchubuko uutaje. Umo ndani ya picha, na mtazamaji atauona kabla hajaona kitu kingine.

Kama unaona vigumu kujizuia, nenda kwanza Ngome Kongwe, yaani Fort Jesus. Watu wa Mombasa huipita kila siku na hawaingii, jambo ambalo halijawahi kuacha kunishangaza. Humo ndani imehifadhiwa michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno wakati walipoikalia ngome hiyo, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593 na ambayo Waomani waliitwaa mwaka 1698. Kuna meli na kuna watu, kwa mistari ya mkono usio na mafunzo makubwa. Aliyechora hatumjui, wala hatujui huzuni yake. Simama hapo na daftari uandike ukurasa mmoja. Utalazimika kutegemea mstari tu, kwa sababu huna kingine cha kutegemea. Kisha urudi nyumbani uitazame picha yako kwa macho yale yale.

Sasa kuhusu uso uliokunjamana. Usihuzunike sana, maana karibu kila anayejichora hutoka hivyo. Anayejitazama kiooni kwa saa nzima akipima umbali wa pua na mdomo hukaza macho bila kujua, na mkono wake, ukiwa mwaminifu, huchora kukaza huko. Picha yako imeonyesha kwa usahihi msichana anayefanya kazi ngumu ya kutazama. Ukitaka huzuni ionekane, usiitafute kwenye nyusi. Itafute kwenye nafasi: msogeze msichana pembeni uache sehemu kubwa ya karatasi tupu, mpe macho yanayoangalia nje ya picha, na katika ile ya makaa acha upande mmoja wa uso uzame gizani. Baadaye ukiulizwa "Iko wapi?", utaweka kidole.

Na kifutio kiweke mbali. Albrecht Dürer alijichora kiooni mwaka 1484, akiwa mtoto wa miaka 13, kwa kalamu yenye ncha ya madini ya fedha, ambayo alama yake haifutiki kirahisi. Karatasi hiyo ipo Vienna hadi leo. Sikutaji Dürer ili nikulinganishe naye. Ninataka tu ujue kwamba mstari uliokosewa, ukiachwa na kusahihishwa kwa mstari wa pili kando yake, humwambia mhakiki namna jicho lilivyokuwa likitafuta. Ukifutwa, unabaki mchubuko.

Swali la majivuno lina jibu fupi. Van Gogh alijichora zaidi ya mara 35, nyingi kati ya hizo akiwa Paris kati ya 1886 na 1888, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba hakuwa na fedha za kuwalipa watu wakae mbele yake. Uso wako ni mfano usiodai malipo na usiochoka kabla yako. Kuhusu wasiwasi wa nyanya wa kuchora sura za viumbe, hilo ni suala la wanazuoni, nao wana kauli zao. Mimi si mwenye kulitolea fatwa, na ninakusihi usibishane naye. Lakini umepewa picha ya nne uichore upendavyo. Chora mikono yako ikikuna nazi, au viatu vyako mlangoni, au kanga iliyokunjwa pamoja na jina lake lililoandikwa. Mtu anaweza kujichora bila uso, na nyanya akaitundika mwenyewe.

Kwa wenzako, ningeomba utaratibu mmoja tu: asizungumze mtu kuhusu uzuri au kufanana kabla hajataja mambo matatu anayoyaona. Yule aliyesema "nzuri sana" hakukusaidia kuliko aliyesema haifanani, kwa kuwa wote wawili walianza na hatua ya nne, yaani hukumu. Mji huu haukosi mafunzo ya jambo hili. Ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, na katika desturi ya kujibizana kwa mashairi anayejibu hufuata bahari na vina vya yule anayemjibu. Hawezi kufanya hivyo kama hakulisikiliza shairi la mwenzake mshororo kwa mshororo, hata likiwa limemtukana. Waambie wenzako wakujibu kwa vina vyako.

SWALI

Mwalimu, nimesikia kwamba safu yako inajibu masuala ya sanaa. Mimi ni kijana wa Likoni na simu yangu ina selfi zaidi ya mia tatu. Je, hizo nazo ni picha za nafsi, au ni mchezo tu?

Msomaji, Likoni

JIBU

Barua yako imefika pamoja na ile ya hapo juu, nami nimefurahi, kwa kuwa nyote wawili mnaulizia kitu kimoja. Mwaka 1975, mjini Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kijana wa miaka 13 aliyeitwa Samuel Fosso alifungua studio ya kupiga picha. Mchana alipiga wateja. Jioni, filamu ilipobaki na nafasi chache, alijipiga mwenyewe ili asiipoteze, na baadhi ya picha alimpelekea nyanya yake Nigeria ajue kwamba mjukuu hajambo. Lakini alichagua mavazi, akachagua pazia la nyuma, akapanga taa na jinsi ya kusimama, na picha hizo hatimaye ziliingia katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Huko kwenu Likoni, wazee wako wanawakumbuka wapiga picha wa kivukoni na vibanda vyao vyenye mapazia yaliyochorwa mandhari, ambako abiria aliyekuwa akingoja feri alichagua asimame mbele ya nini kabla ya kupigwa.

Kwa hiyo siwezi kukujibu kwa kuhesabu zile mia tatu. Chagua moja, uniandikie ni nini kilichomo ndani yake, na kwa nini umeichagua hiyo na kuiacha uliyoipiga sekunde mbili kabla yake.