Uzi wa kioo: umepindwa, umesukwa au umesokotwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa faiba hapa Ngamiani, Tanga. Mpwa wangu anasomea fizikia, anaandika kwa Kiswahili juu ya nyuzi za kioo zenye vitundu ndani, zinazozungushwa wakati wa kutengenezwa. Nimemwambia aandike "nyuzi iliyopindwa". Mwenzangu kazini anasema "iliyosukwa". Nani kapatia?

Jibu: Marahaba. Hakuna aliyepatia, na wewe fundi nakushangaa zaidi. Faiba ikipindwa mno kwenye kona ya ukuta, mwanga unavuja na mteja anakupigia simu. Kupinda ni kuutoa uzi kwenye mstari wake. Uzi wa mpwa wako umenyooka. Kilichozunguka ni vitundu vyake, kama ngazi ndani ya mnara. Kusuka nako kunataka nyuzi kadhaa zipishane, kama ukili au nywele. Huu ni mmoja.

Neno ni kusokota, na sisi watu wa Tanga, na mikonge yote hii, hatuna udhuru. Mtazame mzee anayetengeneza kamba: anaweka katani pajani, anaisukuma kwa kiganja, nayo inajizungusha palepale bila kwenda kombo. Utasema kamba ina singa nyingi. Sawa, lakini tumbo linapokusokota huwa matumbo mangapi? Kupota kungefaa pia, ila "uzi uliopotwa" vijana watausoma "uliopotoka".

Kiwandani huanza na mche wa kioo wenye matundu (mche, kama wa sabuni). Hulainishwa tanurini kwa joto la karibu nyuzi 2,000, ambazo ni nyuzi nyingine kabisa, kisha huvutwa hadi uwe mwembamba, mara nyingi maikromita 125 au zaidi kidogo. Mche ukizungushwa huku unavutwa, uzi hutoka umesokotwa. Mwaka 2016 watafiti huko Ujerumani walionyesha kwamba uzi wa vitundu usio na kiini (ile njia ya katikati inayobeba mwanga), ukisokotwa, hushika mwanga katikati. Usiposokotwa, mwanga hutawanyika. Kwa hiyo mpwa wako akiandika "uliopindwa" atakuwa amesema karibu kinyume.

Akifika kwenye vipimo, urefu ambao vitundu vinamaliza mzunguko mmoja auite "urefu wa msokoto". Najua msokoto mitaani ni kitu kingine; msimamizi wake akicheka, na acheke.

Na hiyo "nyuzi iliyo-" muifute wote wawili. Uzi mmoja, nyuzi mbili: "uzi uliosokotwa", "nyuzi zilizosokotwa".