Mama yuko kwenye dayalisisi, nyonga zinamuuma, na PTH (homoni ya tezi za parathiroidi) imepanda: lazima akatwe tezi hizo?

Dada, si lazima, angalau si sasa. PTH ya mama imepanda kwa sababu ya figo zenyewe. Zikishindwa, fosfeti (madini yatokayo kwenye chakula) hubaki kwenye damu, vitamini D haigeuzwi kuwa ile inayofanya kazi, na kalsiamu hushuka. Basi zile tezi ndogo za parathiroidi shingoni hutoa homoni bila kupumzika, nayo huchota kalsiamu kwenye mifupa. Huenda ndiyo hayo maumivu ya nyonga uliyoyataja.

Kwanza fosfeti ishuke. Asikose vipindi vya mashine ya kusafisha damu wala kukatiza saa, na dawa za kunasa fosfeti azimeze pamoja na chakula. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanameza asubuhi tumbo tupu, mchana wanakula dagaa na soda nyeusi. Dawa itanasa nini? Dagaa na korosho apunguze (najua, kwa mtu wa Mombasa ni mtihani), lakini soda nyeusi na nyama za kopo aache kabisa. Fosfeti ya viwandani hufyonzwa zaidi kuliko ile ya maharagwe.

Kisha daktari wa figo huongeza alfakalsidoli (aina ya vitamini D isiyohitaji figo kuigeuza) au sinakalseti (dawa ya kutuliza tezi hizo) kwa kufuata vipimo. PTH haihitaji kurudi kawaida; kwa mtu wa dayalisisi, mara 2 hadi 9 ya kiwango cha juu cha kawaida inakubalika.

Dawa zikigoma, upasuaji husaidia kweli. Ila baada yake kalsiamu huweza kuporomoka: akihisi ganzi midomoni au vidole vikikakamaa, mrudisheni hospitali hapo hapo.